Walimu wanauliza: semina za sayansi na mazingira wakati wa likizo

Likizo inakaribia na barua za mwezi huu karibu zote zinaongea kitu kimoja, mafunzo ya sayansi na mazingira kwa walimu. Kuna walioitwa semina, kuna wanaotaka kuandaa ya kwao wenyewe, na kuna waliochoka nazo kabisa. Majina nimeyaondoa kama wenyewe mlivyoomba, nimeweka mahali tu. Barua ndefu nimezipunguza kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha sayansi JSS, yaani sekondari ya chini, huku Kakamega. Nimeitwa mafunzo ya ikolojia likizo ya Agosti, siku tano. Mwaka jana nilienda mafunzo mengine ya shirika moja, tukakaa ukumbini siku zote tunaangalia slaidi, tukapewa cheti na begi, nikarudi darasani nikafundisha vilevile kama zamani. Nitajuaje kama hii ya sasa ina maana au napoteza likizo yangu?

Marahaba mwalimu wangu. Kwanza omba ratiba. Usiogope kuonekana msumbufu, piga simu uulize katika hizo siku tano ni saa ngapi tutakuwa nje na huko nje tutafanya nini hasa, maana kuna semina wanawatoa nje nusu saa mnaonyeshwa mti mnaambiwa huu ni wa dawa mnapiga picha ya pamoja mnarudi kunywa chai. Hayo ni matembezi, na matembezi ni mazuri lakini mtu asiyaite mafunzo ya ikolojia. Mimi kama muda wa nje haufiki hata nusu ya ratiba naanza kuwa na wasiwasi.

Na ukiwa nje cha kuangalia ni nani anafanya kazi, mkufunzi au nyinyi. Nikupe mfano mmoja ambao kila mtu aliyewahi kufundisha walimu ikolojia anaujua. Kwadrati ni kitu rahisi, vijiti vinne na kamba, mita moja kwa mita moja, unaiweka chini unahesabu mimea iliyo ndani. Sasa wape walimu fremu zao uwaambie hesabuni aina za mimea kwenye uwanja wa shule, halafu nyamaza uangalie wanaziweka wapi. Kila kundi litaenda pale penye majani mengi, penye maua, chini ya mwembe penye kivuli. Hakuna atakayeiweka kwenye udongo mtupu mbele ya goli. Wakimaliza wanajumlisha, wanapata uwanja una mimea tele kila kona, na wote ni watu wenye digrii na diploma. Hapo mkufunzi mzuri hawagombezi, anawapa karatasi zenye namba ndani ya kopo, wachomoe namba mbili, ya kwanza hatua ngapi kwenda mbele, ya pili hatua ngapi kulia, fremu iwekwe hapohapo namba ilipoangukia. Ghafla kundi moja linajikuta golini, mmoja analalamika, lakini mwalimu hapa si hakuna kitu? Sawa, hakuna kitu, andika sifuri, sifuri nayo ni data.

Mwalimu aliyeandika ile sifuri kwa mkono wake, akaona wastani wa uwanja mzima unashuka kwa sababu yake, huyo ameelewa sampuli. Ukimwambia maana ya sampuli kwa slaidi ataikariri, na mwanafunzi wake ataikariri, mtihani utapita na hakuna mtu atakayekuwa amejifunza kwamba macho yetu yanapenda penye uzuri. Kwahiyo swali langu la kupima semina yoyote ni hilo tu: je walimu wenyewe watauliza swali, watakusanya data, watakosea, watarudia? Kama hapana basi hata ukumbi uwe na AC haisaidii.

Nyinyi Kenya mna historia nzuri ya jambo hili. SMASSE, mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ilianza 1998 kwa ushirikiano na Japan, kwanza wilaya 9 tu za majaribio na Kakamega ilikuwemo, ikaenda nchi nzima kuanzia 2003, na kituo chake cha CEMASTEA kiko Karen, Nairobi. Walimu walikuwa wanaitwa likizo ya Aprili na Agosti. Waulize walimu wakubwa hapo shuleni kwenu watakukumbusha, falsafa yake ilikuwa somo liwe na shughuli, mwanafunzi awe katikati, jaribio lifanyike hata kwa vifaa vya kubuni, halafu mwalimu apange, afanye, aangalie, aboreshe. Ni wazo zuri sana mpaka leo. Ugumu ulikuwa kwenye ngazi, wakufunzi wa taifa wanafundisha wa wilaya, wa wilaya wanafundisha walimu, na kwenye mfumo wowote wa namna hiyo kinachopungua ngazi kwa ngazi ni vitendo, maneno yanafika yote.

Jambo la mwisho, uliza baada ya hizo siku tano nini kinafuata. Kama kuna mtu atakuja darasani kwako muhula wa tatu, au mtakuwa na grupu la WhatsApp la kutumiana hesabu za kwadrati za wanafunzi, nenda. Na huko Kakamega mna msitu mlangoni, wakikuweka hotelini mjini siku tano bila kukanyaga msitu, waulize kwa heshima kwa nini.

Mwalimu habari za kazi. Sisi ni walimu wa msingi watano huku Muheza, Tanga. Tunataka tujifundishe wenyewe likizo ya Juni, kama siku tatu hivi, mazingira na sayansi kwa vitendo. Hatuna maabara, hatuna hela, mfadhili hatuna. Tuanze na nini?

Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Muheza mko chini ya Usambara Mashariki, watafiti wanatoka nchi za mbali wanakuja msitu wa Amani tangu Wajerumani walipoweka kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na nyinyi mnaishi hapo. Wala msianze kwa kutafuta vibali vya kuingia hifadhini, anzeni nyuma ya madarasa yenu.

Siku ya kwanza jongoo. Ndio, jongoo, msicheke. Swali ni hili, kwenye eneo la shule kuna jongoo wangapi? Huwezi kuwahesabu wote, ila kuna njia ya kukadiria ambayo wanasayansi wanaitumia kwa samaki na ndege na panya. Jioni mkamate mnaowaona, tuseme 40, kila mmoja mumpake nukta ya rangi ya kucha mgongoni, muwaachie palepale mlipowakuta. Kesho yake jioni mkamate tena, tuseme mmepata 30, na kati yao 12 wana nukta. Chukua 40 zidisha kwa 30 gawanya kwa 12, unapata 100. Hayo ndio makadirio yenu. Hesabu ya darasa la tano kabisa.

Utamu unakuja kwenye mabishano. Tuseme nukta ni nyekundu inang'aa, na mnaokota wale wenye nyekundu kwanza kwa sababu ndio wanaonekana. Badala ya 12 mnapata 20, hesabu inawapa 60, jongoo 40 wamepotea hivihivi kwa sababu ya rangi. Kwahiyo rangi iwe iliyofifia au muipake pembeni karibu na miguu. Au mvua imenyesha usiku wa pili, jongoo wa nje ya uwanja wameingia, sasa namba inakuwaje? Bishaneni, andikeni, rudieni. Halafu nawaeni mikono kwa sabuni, yale majimaji ya njano wanayotoa yanawasha na yakiingia machoni ni shida, na watoto mtakapowapeleka muwaambie hivyohivyo kabla hawajashika chochote.

Siku ya pili mvua. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iwe ile iliyonyooka ubavuni, kata juu, geuza kichwa kiwe faneli, weka kokoto na maji chini mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, hapo ndio sifuri yenu, bandika rula pembeni. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa hali ya hewa. Mtoto mmoja lazima atauliza, mwalimu chupa pana si itapata mvua nyingi kuliko nyembamba? Msimjibu. Wekeni zote mbili wiki nzima. Itapata maji mengi zaidi lakini kina ni kilekile, na mtoto akiona milimita zinalingana kwenye chupa mbili tofauti ameelewa eneo na ujazo bila nyinyi kuandika neno ubaoni.

Siku ya tatu ndio mpande juu kidogo mkaangalie mhesi. Mnaujua wote, unakua haraka, mbao zake mnazitumia. Uliletwa Usambara kupandwa, na pale msitu ulipokatwa sana ukaingia kwa nguvu, hondohondo wanakula matunda yake wanamwaga mbegu kila mahali. Lakini magharibi mwa Kenya na Uganda ni mti wa nyumbani kabisa, Uganda wanauita musizi na wala hauwasumbui. Mti mmoja, huku mvamizi kule mwenyeji. Tafuteni sehemu mbili, moja penye uwazi na nyingine penye kivuli kizito, muhesabu miche yake kwa kwadrati kila sehemu, wapi ni mingi? Hapo mtaelewa kwa nini watu wa misitu wanahangaika na uwazi unaoachwa na mti mmoja ukikatwa, na mtalielewa kwa data yenu wenyewe.

Chakula mchangie unga na maharage, inatosha. Na kila jioni mmoja wenu aandike ukurasa mmoja, tulifanya nini, tulikosea wapi, mtoto wa darasa la nne atafanyaje hili. Hizo kurasa tatu ndio mwongozo wenu, na zikiiva nitumieni.

Mwalimu hujambo, mimi Mkenya niko Lowell, Massachusetts, nafundisha sayansi darasa la saba shule ya serikali. Nina wanafunzi wengi wa kutoka Congo wanaongea Kiswahili, na wengine familia zao ni za Cambodia. Nasikia kuna kozi za kiangazi za ikolojia kwa walimu, zingine zinalipa. Ni kweli? Na zitanisaidia na hawa watoto wageni?

Sijambo dada. Ni kweli, na uko mahali pazuri sana. Shule za Marekani zinafungwa karibu Juni mpaka mwisho wa Agosti, kwahiyo kiangazi ndio msimu wa walimu kusoma tangu zamani. Mfuko wa taifa wa sayansi, NSF, ulianza kudhamini kozi za kiangazi za walimu miaka ya 1950, na Warusi waliporusha Sputnik Oktoba 1957 Wamarekani wakashtuka, mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga pesa kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Hata Kiswahili kwenye vyuo vikuu vya huko kilipata mgao kwenye sheria hiyohiyo.

Sasa kwako wewe angalia Harvard Forest, iko Petersham, jimbo lako hilohilo, unaendesha gari asubuhi unafika. Ni msitu wa utafiti tangu 1907, hekta kama 1,600. Wana mpango wa ikolojia ya uwanja wa shule, mwalimu anakuja kiangazi anafundishwa na watafiti wenyewe utafiti mmoja, halafu anarudi kuufanya shuleni na wanafunzi, na wakati wa baridi kuna siku za kukaa pamoja kupanga data na kuchora grafu. Hicho kipande cha baridi ndicho ninachokipenda, maana hapo ndipo semina nyingi duniani zinawatelekeza walimu.

Mmoja wa utafiti huo ni wa majani na machipukizi. Mtafiti John O'Keefe alianza mwaka 1990 kuzunguka miti ileile msituni kila baada ya siku chache, anaandika majani yametoka lini, yamebadilika rangi lini, yameanguka lini. Wanafunzi wanafanya hivyohivyo uwanjani kwao. Mnachagua miti, mnafunga alama kwenye matawi, mnahesabu majani ya kila tawi mwanzoni mwa vuli, kila wiki mnarudi kuhesabu yaliyobaki mpaka yanaisha, halafu masika mnasubiri machipukizi yafunguke. Ukiwa na miaka mingi ya hesabu hizo unaona msimu wa majani unavyorefuka au kufupika, na darasa lako linaongeza mstari wake kwenye grafu ambayo watoto wengine waliianza kabla yao.

Kuna mwingine wa mti wa hemlock na kijidudu kilichotoka Asia kinachounyonya, kinaacha vijipamba vyeupe chini ya majani, pale jani linaposhikana na kitawi. Wanafunzi wanageuza kitawi wanahesabu. Mtoto aliyetoka Kivu kwao wanalima mihogo au migomba, anajua ugonjwa wa mmea unavyoingia shambani na familia inavyolala njaa, mwachie aeleze. Mwache aeleze kwa Kiswahili kwanza wewe unaelewa, halafu mtafute Kiingereza chake pamoja. Anaweza asijue neno lolote la kitabu lakini akawa ndiye peke yake darasani aliyewahi kuona mmea ukifa kwa wadudu.

Kuhusu malipo, zipo nafasi za NSF za walimu kufanya utafiti na wanasayansi wiki kadhaa za kiangazi na unalipwa posho, zinaitwa RET. Maombi mengi yanafungwa majira ya baridi, kwahiyo usisubiri Mei. Na leseni yako ya ualimu huko inadai pointi 150 kila miaka mitano, hakikisha kozi inatoa pointi na karatasi yake uitunze. Kitu kingine, msituni huko kuna kupe wanaoleta ugonjwa wa Lyme, chomeka suruali ndani ya soksi, vaa rangi nyeupe uwaone, ukifika nyumbani jikague mwili mzima.

Halafu kuna GLOBE, mpango wa NASA na wenzake ulioanza 1995, wanafunzi wanapima mawingu, mvua, joto, miti, wanaingiza kwenye mtandao mmoja wa dunia nzima. Kenya na Tanzania zimo. Tafuta shule moja nyumbani mpime mawingu siku ileile, darasa lako la Lowell lione anga la Kakamega au Muheza. Hizo barua mbili za juu zinatafuta rafiki.

Mimi nimesomea Kiswahili na Historia, niko Iringa, nimepangiwa sayansi darasa la sita kwa sababu hakuna mtu. Kwenye mafunzo naona aibu kuuliza.

Uliza. Ikolojia inaanza na kuangalia na kueleza ulichoona bila kuongeza chumvi, na wewe umefundishwa kuandika vizuri, wengi wa sayansi hawakufundishwa. Na historia yako ndio hazina yenyewe: wapeleke watoto kwa wazee wenye miaka sabini, waulize chemchemi ilikuwa wapi, mto ulikuwa unakauka mwezi gani, wanyama gani walikuwa wanakuja shambani na sasa hawaji. Linganisheni majibu ya wazee watano, wanapopingana mtafute kwa nini. Kupima na kugrafu kaa na mwalimu wa hisabati, mbadilishane, wewe umsaidie insha. Uzoefu utakuja, ila usikubali kufundisha kitu ambacho hujawahi kukishika kwa mkono wako, hata kama ni kupanda maharage kwenye kopo nyumbani jumapili.

Mimi ni mwalimu mkuu Mwanza. Walimu wangu wakiitwa mafunzo likizo swali la kwanza ni posho. Nawaambia elimu ni faida yao wananuna. Uzalendo umekwisha?

Mkuu wangu, kwa heshima zote, walimu wako wana haki. Likizo ni muda wao, kuna anayelima, anayeuguza, kuna mama ambaye watoto amewaacha kwa jirani. Umeona hapo juu Marekani mwalimu akiingia kwenye utafiti kiangazi analipwa, na hakuna anayemuuliza uzalendo. Nauli na chakula ni lazima, hilo halina mjadala, na kama mwandaaji hana hata hivyo basi apunguze siku au awafuate walimu shuleni kwao. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imewekwa kwa ajili hiyo, walimu wajifunze palepale shuleni na kwenye kituo cha walimu, ndani ya muda wa kazi. Tumia huo mlango.

Ila nakuunga mkono kwenye jambo moja, posho ikiwa ndio sababu ya kuandaa semina, watu wanaongeza siku na wanapunguza kazi. Nimeona ratiba ya siku nne yenye kazi ya siku moja. Ukiwa mkuu una nguvu ya kudai kitu kimoja ambacho hakigharimu: mwalimu akirudi, wiki ya kwanza ya muhula afanye somo moja la nje wenzake wakimwangalia, na wewe uwepo, ukae kwenye majani na watoto. Mwalimu akijua mkuu atakuja atasikiliza tofauti huko semina.

Tuko Morogoro, mto unashuka kutoka Uluguru unapita karibu na shule. Tunaweza kupima uchafu wa maji bila kemikali?

Mnaweza, kwa wadudu. Kuna njia inaitwa miniSASS, ilitengenezwa Afrika Kusini makusudi kwa shule na jamii. Unahitaji chujio la jikoni lenye mpini, beseni jeupe, gambuti. Unageuza mawe, unakoroga mchanga, unakamata vijidudu na kuvipanga kwenye makundi 13, kila kundi lina alama kulingana na linavyovumilia uchafu. Funza wa nzi na mbu wanaishi popote, alama 2. Kereng'ende wachanga 6, kaa 6, konokono 4. Kuna kijidudu bapa chenye mikia miwili kinakaa chini ya mawe kwenye maji baridi yanayokimbia, hicho kina alama 17, ukikipata una maji mazuri. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi uliyopata, sio idadi ya wadudu, hapo wengi wanajichanganya. Mkipata kaa, kereng'ende, konokono na funza wa nzi ni 18 gawanya kwa 4, sawa na 4.5, mto huo unaumwa.

Pimeni juu kabla ya nyumba na chini baada ya mji, siku moja, halafu mchore tofauti. Walimu wafanye wenyewe kwanza. Na kichocho kipo, kwahiyo anayeingia majini ni mtu mzima mwenye gambuti, watoto wabaki ukingoni na beseni, kazi ya kupanga na kuhesabu ni yao.

Assalam alaykum mwalimu. Niko Kwale upande wa bahari, mkufunzi ametuahidi siku moja ya mikoko. Siku moja inatosha? Tudai nini?

Waalaykum salaam. Siku moja inatosha kama ni siku sahihi, na hapo wengi wanaharibu, wanapanga jumatano kwa sababu ukumbi uko wazi jumatano. Kalenda ya mikoko ni ya mwezi. Mtake siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa, pwani yenu tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Mkienda wakati wa maji mafu mtaishia kwenye mchu wa juu tu, ambao ni aina moja ya mikoko, mtarudi mkidhani mikoko yote ni mmoja.

Mdai kamba ndefu, mita 50 hivi, ivutwe kutoka nchi kavu kuelekea baharini, kila mita 5 msimame mwandike mti gani, miche mingapi, mashimo ya kaa mangapi, tope linazama mpaka wapi. Mtaona miti inavyobadilishana, mkandaa kwenye udongo mgumu, mkoko wenye mizizi ya magongo katikati, mlilana mbele unatazama bahari. Mchu unaweza kuukuta nyuma kabisa na mbele pia, mjiulize kwa nini. Geuzeni jani la mchu mliguse kwa ulimi, lina chumvi, mti unaitoa nje kwa majani, na hakuna maelezo ya kitabu yatakayomshinda mtoto aliyelamba jani akakunja uso.

Kama mko karibu na Gazi pitieni kwa kina mama wenye daraja la mbao ndani ya mikoko, na muulize kuhusu Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, unalinda hekta 117 na pesa ya kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo inaenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Mwalimu akijua bomba la maji la kijiji linalipwa na mti uliosimama ana somo la sayansi, hesabu na maisha kwa pamoja. Semeni na watu wa KFS, shirika la misitu la Kenya, mapema, mikoko iko chini yao.

Na mumuombe mkufunzi amwalike mvuvi mmoja mtu mzima awe mwalimu wa nusu siku, alipwe kama wakufunzi wengine. Yeye ndiye atakayewaambia mtoke saa ngapi, na akisema tokeni mtoke hata kama kamba haijafika mita 50, maana maji yakianza kujaa kwenye vile vijito yanawahi kuliko mtu anavyovuta mguu kwenye tope. Mita zilizobaki mtazipima bamvua ijayo, baada ya wiki mbili tu, na hiyo mnaweza kwenda wenyewe bila kusubiri kuitwa semina.